Kuaga si Kutangaza

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, gari letu limekaa kitumbo kwenye mchanga mwekundu, baba yako amevua shati kwa kuchimba, na wewe, mtoto wa miaka minne, unaniomba maji huku umenikazia macho kana kwamba mimi ndiye kisima. Habari za mchana ule nimekupa vipande vipande tu, kila nilipotaka kukuchekesha. Leo nakupa zote, na zile zisizochekesha zimo, kwa sababu Jumamosi ulipokuja hapa Bellevue ulisema neno alilolisema baba yako, kwa sauti ileile, ukiwa umeshika kiuno kama yeye.

Ulikuja kunionyesha safari yako. Ukaegemeza simu kwenye cherehani yangu, ukanipitisha kwenye ramani kwa kidole: hapa tunalala, hapa tunakula, hapa lango linafunguliwa. Wewe, mkeo Lerato, na wajukuu zangu wanaoniita Gogo ingawa nimewafundisha "Bibi" tangu wako mgongoni. Siku chache za likizo, mbuga mbili za jangwani, ile yenye maporomoko ya maji na ile ya mchanga mwekundu. Nilifurahi sana. Halafu ukainama, ukaninong'oneza, "Mama, please, usimwambie mtu yeyote. Si unawajua watu." Sikukujibu. Usidhani nilikubali. Nilikuwa na pini mdomoni, na mwanamke mwenye pini mdomoni hawezi kugomba. Sasa nimezitoa.

Wakati wa safari yetu ile tulikuwa tunakaa Yeoville, hapahapa Johannesburg, chumba kimoja ghorofa ya pili, kwenye jengo ambalo Mkongo, Mrundi na Mtanzania wote walisubiriana kwenye bomba moja. Baba yako alikuwa ananyoosha bodi za magari gerejini, mimi nashona. Bibi yako mzaa baba, Bi Mwanahamisi, Mungu amrehemu, alikuwa amekuja kutoka Tanga kututembelea. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini na maneno machache, lakini ukimchokoza alikupa jibu ambalo ulikaa nalo mwaka mzima. Baba yako alimtembeza mjini, akamwonyesha maghorofa na maduka yenye ngazi zinazotembea zenyewe, naye akavitazama vyote kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

Jioni moja alikuwa anachambua mchicha, akauliza bila kuinua kichwa, "Bakari, nasikia nchi hii ina jangwa. Ni kweli?"

Baba yako akasema ni kweli, ila liko mbali.

"Mie tangu chuoni nasoma habari za jangwa," akasema. "Nimefundishwa kutayamamu tangu sina meno ya mbele, mpaka leo meno yananitoka tena, na sijatayamamu hata mara moja. Tanga maji yako kila upande. Hija sikujaaliwa. Basi nionyesheni jangwa, hata kama si lile."

Wewe umesahau mengi ya chuo cha Kurani, kwa hiyo nakukumbusha: kutayamamu ni kujitwaharisha kwa mchanga safi pale maji ya kutawadhia yanapokosekana. Mama mzima aliyekaa na fundisho maisha yake yote bila kupata mahali pa kulitumia. Nani angemkatalia?

Baba yako akaanza kupanga. Ilikuwa karibu na Pasaka na gereji ingefungwa. Alinunua ramani ya karatasi kwenye kituo cha petroli akaitandaza sakafuni, akailalia kifudifudi kila usiku kama mwanafunzi wa mtihani. Gari alilifufua mwenyewe kutoka kwenye mabaki ya ajali, mlango mmoja buluu na mwingine mweupe. Alipanga vizuri, sitamnyima sifa yake. Gurudumu la akiba lilikuwepo, jeki ilikuwepo, madumu ya maji yalikuwepo. Kitu kimoja tu alikipanga vibaya, nacho hakikuwa kwenye gari.

Baba yako aliogopa husuda. Usimcheke, ugenini husuda ndiyo mgeni wa kwanza kubisha hodi. Mwenzetu mmoja wa Tanga aliwahi kutangaza mtaa mzima kwamba anakwenda nyumbani na gari lake, akaagwa kwa pilau, na gari likafa kabla hajauona mpaka. Tangu hapo kila Mtanzania wa mtaa ule alifunga mdomo. Mtu alisafiri akarudi, mwenzake wa chumba cha pili anadhani alikuwa anaumwa. Mimi mwenyewe nilikuwa na kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu," na niliivaa kwa makusudi nikipita kwenye ngazi. Kwa hiyo baba yako alipotoa amri kwamba hakuna kumwambia mtu, hata jirani, hata ndugu zetu wanaokaa mtaa wa Diepsloot, mimi niliona ni busara.

Bi Mwanahamisi aliuliza mara moja tu. "Hata majirani?"

"Hata majirani, mama."

"Haya," akasema.

Tungemjua vizuri, ile "haya" ingetutosha. Kwao, na hata kwetu kabla hatujaharibika, mtu hatoki safari bila kuaga. Unapita mlango kwa mlango, unasema nakwenda mahali fulani, kama nimekukosea nisamehe, tuombeane dua. Ukirudi unapita tena kusema nimerudi. Tuliyajua hayo yote. Tuliyaacha mpakani pamoja na mambo mengine tuliyoyaona mazito kubeba.

Tuliondoka alfajiri kama wezi. Baba yako hakutaka mngurumo wa gari uwaamshe watu, kwa hiyo mimi na yeye tulilisukuma, injini imezimwa, mpaka kwenye taa za barabarani, hizi tunazoziita robot. Bi Mwanahamisi alikaa ndani amekupakata, anatutazama kupitia kioo. Nilimwona anacheka peke yake.

Mwanangu, hukumbuki barabara ile. Nyumba zilikwisha, mashamba yakakwisha, mwisho hata miti ikakwisha, na mbingu ikazidi kuongezeka. Mimi nilikuwa nimekaa Johannesburg miaka sita na nilidhani nchi hii yote ni kuta zenye nyaya juu. Sikujua kwamba ina nafasi kiasi kile. Kadiri tulivyokwenda ndivyo nilivyojiona napungua, na ajabu ni kwamba kupungua kule hakukuniuma.

Kwenye nguzo za simu kandokando ya barabara tuliona vichaka vya nyasi vikubwa kuliko paa la kibanda. Baba yako akasimamisha gari. Kumbe ni viota. Ndege wadogo, kama hawa wanaodokoa makombo dirishani kwangu, walikuwa wamejenga nyumba moja ya vyumba vingi sana, kila mmoja na tundu lake, wanaingia, wanatoka, wanagombana. "Yeoville hiyo," nikasema, na tukacheka. Bi Mwanahamisi alitazama muda mrefu, shingo imekunjika nyuma. Akasema, "Kila atokaye anapigia kelele wenzake." Sikumjali. Niliona ni maneno ya mtu mzima.

Jioni tulifika Upington, mji wenye mto mkubwa uitwao Orange. Bibi yako aliuita Mto wa Machungwa tangu aliposomewa ramani sakafuni mpaka alipokufa, na alisikitika kwamba hakuona chungwa hata moja likielea. Jioni hiyo aliomba sarafu za simu. Nikadhani anaipigia Tanga. Kesho yake tukaenda kwenye mbuga ya maporomoko, mahali mto ule mzima unapojitupa kwenye mwamba kwa kishindo ambacho unakisikia kifuani kabla hujakisikia masikioni. Wewe ulininyooshea mikono nikubebe, ukaficha uso shingoni kwangu, na mimi ningekuwa na wa kunibeba ningeuficha wangu. Jioni tena Bi Mwanahamisi akaomba sarafu.

Siku ya tatu ndiyo tuliyoelekea kwenye mbuga ya mchanga. Njia yenyewe ilitaka turudi Upington kwanza, ndipo tupande kaskazini. Baba yako aliona kwenye ramani kijinjia chembamba kama uzi, kinakata moja kwa moja. Lango la mbuga lilikuwa linafungwa jua likizama, naye alitaka tufike mapema. Mwenda pole hajikwai, lakini mwanamume mwenye ramani hasikii methali. Hatukumuuliza mtu. Tulishazoea kutomwambia mtu tunakokwenda, na asiyesema anakokwenda hawezi kuuliza njia.

Kijinjia kilianza na changarawe, kikaendelea na mchanga mgumu, kikamalizia kwenye mchanga laini. Adhuhuri gari likazama. Baba yako akakanyaga mafuta, na kila alipokanyaga ndivyo magurudumu yalivyojichimbia. Tukatandika mazulia ya gari, tukakata vichaka, nikasukuma mpaka nikaona nyota mchana. Gari likakaa kitumbo. Baba yako akazima injini.

Hapo ndipo nilipokisikia kimya, mwanangu. Nilikuwa nadhani kimya ni kukosekana kwa sauti. Kile kilikuwa kitu chenyewe, kipo, kimesimama pande zote. Nilisikia mchanga ukiteremka punje kwa punje kwenye ukingo wa matuta. Nilisikia damu yangu mwenyewe. Matuta yalikuwa na rangi ya hina iliyokolea kwenye mkono wa bi harusi, moja nyuma ya jingine mpaka mwisho wa macho, na juu yake mbingu haina hata wingu la kujisingizia. Niliogopa. Na ndani ya woga huo huo niliona uzuri ambao sijauona tena, na sikujua mtu anatakiwa afanye nini na vitu viwili kama hivyo kwa pamoja.

Simu ya mkononi ya baba yako ilikuwa haina mtandao. Akasema atatembea kutafuta msaada. Bi Mwanahamisi, aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha gari, akasema, "Ukiondoka tutakuwa vitu viwili vya kutafutwa. Kaa." Akakaa.

Maji tuliyoyaona mengi kule nyumbani yalikuwa yametumika njiani kwa kunawa, kwa chai, na kwa rejeta iliyokuwa inachemka. Lilibaki dumu moja, tena si zima. Alasiri ilipofika, baba yako, kwa kuwa ni mtoto mwenye adabu, akalibeba amtilie mama yake maji ya kutawadha. Bi Mwanahamisi akamshika mkono.

"Maji ni ya mtoto," akasema. "Mimi nina mchanga."

Akasogea hatua chache, akapiga magoti, akaweka viganja vyake viwili juu ya jangwa. Akavipuliza. Akapangusa uso, akapangusa mikono. Taratibu, kama mtu anayesoma barua aliyoingoja siku nyingi. Kisha akabaki vilevile, amepiga magoti, na nikaona machozi yanachora mstari kwenye vumbi la mashavu yake. "Subhanallah," akasema. "Kumbe mchanga ni baridi chini." Basi. Mimi niliyefundishwa somo lilelile nikiwa na umri uleule, nikipiga miayo, nilijiona sijawahi kufundishwa kitu. Nikaenda nikapiga magoti karibu naye.

Jua liliposhuka, matuta yakawa kama makaa, halafu yakazimika. Baridi ikaanza kupanda kutoka chini. Wewe nilikupa maji kwa kizibo cha dumu, kizibo kimoja, unalamba na midomo, unataka kingine, nami nasema bado kidogo. Hakuna neno gumu kumwambia mtoto kama "bado kidogo" ukiwa hujui kidogo chenyewe ni kiasi gani. Baba yako akaona hilo, na ndipo alipovunjika. Alijishika kichwa akasema, "Hakuna anayejua tulipo. Watu wote wa jengo wanadhani tumelala ndani. Nimewaficha ninyi, mama. Nimewaficha mpaka nimewafukia."

"Yupo anayejua," Bi Mwanahamisi akasema.

Tukamgeukia.

"Nilimuaga Mama Ruphin."

Mama Ruphin unamjua, ni huyuhuyu. Mkongo wa Bukavu, mlango wa pili kutoka kwetu wakati ule, mwenye saluni ya kusuka chini ya jengo. Kumbe usiku wa kuamkia safari, sisi tumelala, bibi yako alivaa kanga zake akagonga mlango wa jirani. Akamwambia tunakwenda kupita Mto wa Machungwa, tunaona maji yanayoanguka, kisha tunakwenda kwenye mchanga mwekundu. Akamwomba msamaha kwa lolote. Akamwahidi kumpigia simu ya saluni kila magharibi kumwambia tumefika wapi. Zile sarafu zilikuwa za kazi hiyo.

Baba yako akasema kwa uchungu, "Mama, si nilikuomba usitangaze?"

Sikiliza alivyomjibu, mwanangu, maana ndiyo sababu ya mimi kukuandikia yote haya.

"Kuaga si kutangaza, Bakari. Anayetangaza anasema, tazameni ninachokwenda kupata. Anayeaga anasema, mimi ni kiumbe, nisiporudi niulizieni. Mtu akifa tunasema ameaga dunia. Hata dunia huagwa, sembuse Yeoville?" Akajifunika kanga. "Leo magharibi simu haikulia. Yule mama si wa kulala. Na wewe mpe mtoto kizibo kingine."

Nilikupa. Tukajipanga ndani ya gari kama dagaa, wewe katikati, na sitakudanganya kwamba nililala.

Alfajiri mimi na bibi yako tulitoka nje. Jangwa lilikuwa la kijivu, baadaye waridi, na juu ya tuta la mbele yetu alisimama choroa, yule paa mkubwa mwenye pembe ndefu zilizonyooka na uso kama aliyepakwa masizi. Akatutazama. Mlango wa buluu, mlango mweupe, wanawake wawili wenye vumbi usoni. Alitutazama kwa muda, akaona hatumhusu, akateremka upande wa pili bila haraka. Na vumbi lake lilipotulia niliona vumbi jingine nyuma yake, la mbali, linalosogea.

Lilikuwa pikapu ya mfugaji wa kondoo, mzee mwenye kofia iliyochakaa. Alisimama, akashuka, akatutazama mmoja mmoja kama anayehesabu. Hakusalimu. Alisema neno moja tu, kwa kuuliza.

"Yeoville?"

Mwanangu, nilikaa chini. Katikati ya mahali pale pasipo na jina, mtu nisiyemjua, asiyejua lugha yangu, ananitajia mtaa wangu. Nimesikia jina hilo mara nyingi kabla na baada, kwenye teksi, kwa polisi, kwa wenye nyumba, na sijawahi kulisikia likiwa tamu vile. Baba yako alilia waziwazi. Mzee yule alikuwa na pipa la maji, na ulikunywa mpaka ukatapika ukanywa tena.

Baadaye ndipo tulipojua. Jana yake magharibi Mama Ruphin aliacha kichwa cha mteja kimesukwa nusu, akakaa karibu na simu. Simu haikulia. Akapanda kwa mlinzi wa jengo, Mzulu mwenye Kiingereza kizuri na subira. Walichokuwa nacho ni machungwa, maji yanayoanguka na mchanga mwekundu. Mlinzi akakuna kichwa, akalifikia jina la mto, kutoka kwenye mto wakaifikia mbuga. Wakapiga simu huku na huku mpaka wakalipata lango lenyewe. Langoni wakasema gari la milango miwili ya rangi tofauti halijaingia, na wao ndio waliowaita wafugaji wa njia zote kwa redio. Watu wa Yeoville hawajafika, watafuteni.

Mzee alituvuta kwa mnyororo, akatusindikiza mpaka mbugani. Tuliingia tukakaa siku nzima, na Bi Mwanahamisi aliyatazama matuta yale kama mtu aliyetambulishwa nayo rasmi. Tuliporudi Yeoville, watu walikuwa ngazini. Wale wale tuliowasukumia gari kimya. Warundi wa chumba cha juu walikuwa wamesali, Mzanzibari wa chini alikuwa amesoma Yasin, na mtu ambaye baba yako alimshuku husuda kuliko wote ndiye aliyempa Mama Ruphin kadi za simu. Mama Ruphin alitukumbatia, halafu akampiga baba yako kofi la bega lililosikika mpaka barabarani.

"Weye Bakari! Nilingoja simu, simu haikukuya. Nikasema non, ule mama hawezi kusahau, bantu banapotea kule! Na weye unaficha? Unaficha nani? Eish! Kama si ule mama, ningejua wapi?"

Baba yako akainamisha kichwa. Jioni hiyo alipita milango yote, mmoja mmoja, kusema tumerudi. Na mimi ile kanga ya hasidi nikaikata vitambaa vya kufutia cherehani. Wahasidi wapo, sikatai. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua, na mficha safari humuumbua mchanga.

Bibi yako alirudi Tanga. Alipougua mwisho, alitupigia akatuaga. Kisha akasema mpeni simu Mama Ruphin, akamuaga na yeye, akamwambia safari hii asingoje simu. Mama Ruphin alicheka na kulia kwa pamoja, ameshika chanuo mkononi.

Basi mwanangu, nasaha zangu ndizo hizi. Ramani yako ni nzuri, lakini umeijaza kama sanduku la bibi harusi. Punguza. Jangwa halionwi dirishani na gari linakimbia. Chagua mahali pachache, ukifika zima injini, washushe watoto, na waache wasikie kile kimya kabla hawajaanza kuuliza mtandao uko wapi. Maji beba kuliko unavyodhani, na usiyaguse ya akiba kwa kunawa, akiba haiozi. Magurudumu yapunguze upepo kabla ya mchanga laini, si baada ya kuzama. Lango likikaribia kufungwa, kubali kuchelewa, lala ulipo. Njia usiyoijua iulizie kwa mtu mwenye mdomo, si kwa simu peke yake, kuuliza si ujinga. Gari likikwama, asiondoke mtu. Na mfundishe Lerato na watoto kuweka viganja kwenye mchanga, hata kama maji yapo. Si kwa udhu, waone tu kwamba chini ni baridi.

Picha usiposti, hapo niko upande wako. Lakini aga. Msafiri kafiri, walisema wazee, kwa kuwa akiwa njiani hana wa kwake. Kuaga ndiko kunakompa wa kwake. Mchague mtu mmoja asiyelala simu isipolia, mwambie unapita wapi na utarudi lini, mwombe radhi, na kila magharibi timiza ahadi.

Mama Ruphin miguu imemvimba siku hizi, hasuki tena, lakini bado yuko Yeoville, jengo lilelile, mlango uleule. Sijamwambia kitu. Umeniomba nisiseme na sijasema. Nimemwambia tu asitoke Alhamisi jioni, kuna mtu anakuja kumuaga. Nenda na sukari, mkono mtupu haulambwi, na uwachukue wajukuu zangu wakamwone mwanamke ambaye bila yeye wasingezaliwa.

Mola akufungulie njia na akufungie shari zake. Akujaalie macho ya kushangaa na moyo wa kurudi. Mchanga usikushike, maji yasikupungukie, na popote utakapokwama, atokee mtu anayelijua jina la mtaa wako. Ukimaliza kwa Mama Ruphin, pita na kwangu uniage. Jibu langu nimeshaliweka tayari, lilelile alilonipa bibi yako kila nilipotoka nyumbani: kwaheri ya kuonana.